Mshauri Mwenye Haja

Vijana niliokabidhiwa walikuwa wale ambao madrasa ilikuwa imeshamaliza nao. Walikuwa wamehitimu msahafu, sauti za wavulana zimevunjika, wasichana wameanza kuchoka kukaa mkeka mmoja na watoto wadogo. Kamati ya madrasa haikutaka wapotee. Sheikh, ambaye ndiye msimamizi wetu, aliniita akaniambia, "Wewe si unafundisha Kiswahili sekondari? Basi wafundishe tenzi za dini. Watakaokaa, wakae."

Tukapewa chumba Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge. Ngazi tunatumia pamoja na familia moja ya Kihindu inayokaa ghorofa ya pili, kwa hiyo mtu akipanda kwetu saa ya Alasiri hupita kwanza katika moshi wa ubani wao. Chini mtaani spika za wauza nguo hazinyamazi. Mimi hufunga madirisha ya upande wa barabara, tunabaki na joto, na somo linaendelea. Jumamosi na Jumapili, kila wiki, isipokuwa Ramadhani.

Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Tulichukua tenzi za zamani, tukazihifadhi, tukazighani. Walihifadhi upesi sana. Siku moja nikamuuliza kijana mmoja maana ya ubeti aliotoka kuusoma kwa sauti nzuri kabisa. Akafikiri kidogo, akajibu, "Maana yake tuwe watu wazuri, mwalimu." Nikamuuliza maana ya ubeti unaofuata. Akasema, "Na huo pia, tuwe watu wazuri."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika, na udhia ule ukanikalia wiki nzima. Hawa watoto walikuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba. Katika umri huo, hapa Kariakoo, mtu anaamua mambo mazito kuliko ya mbunge: aache shule akashike duka la mjomba, amkubali kijana fulani, aseme au anyamaze juu ya kitu alichokiona nyumbani. Na mimi nilikuwa nawapa maneno ya hekima wayameze kama vidonge.

Nikaamua kutunga utenzi wangu. Sikutaka uwe juu ya mambo yote ya dini. Niliutaka uwe juu ya jambo moja tu: mtu mwenye imani anaamuaje. Nilitunga jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya shule, na nilifuta kuliko nilivyoandika. Ulianza hivi:

*Jambo likikufikia,*
*usikimbilie njia,*
*kaa kwanza, fikiria,*
*umwombe Mwenye amri.*

Ukaenda hivyo, kutoka kukaa, hadi kuomba, hadi kuuliza watu. Ubeti ulionisumbua kuliko yote ni huu, maana niliuandika nikijua wangapi wamewahi kunishauri kwa faida yao:

*Mshauri mwenye haja,*
*ajapokuja kwa hoja,*
*msikize, kisha ngoja,*
*haja hufunika kheri.*

Na ukaishia kwenye azma, kwa sababu sikutaka watoto wadhani kwamba hekima ni kusitasita maisha yote:

*Na ukishaazimia,*
*nyuma usije rudia,*
*Mungu utamwachilia,*
*mwenye kuijua siri.*

Utaratibu wa darasa nao nikaubadilisha. Kwanza tunaghani. Kisha mmoja analeta jambo la kuamua, la kweli au la kubuni, na tunalipitisha kwenye beti, mmoja baada ya mwingine. Mara ya kwanza waliona aibu, wakaleta mambo ya mzaha: mtu anunue raba gani, mtu ashabikie timu ipi. Nikayapokea hayo hayo, tukayapitisha kwa makini kama ya kweli. Baada ya muda mzaha uliisha wenyewe.

Miongoni mwao alikuwapo binti mmoja wa kidato cha tatu. Bibi yake, mwanamke wa Kilwa aliyehamia mjini tangu ujana wake, aliuza uji na vitumbua asubuhi kwa wachukuzi wa sokoni, mbele ya nyumba walimopanga chumba. Binti alikuwa akimsaidia kabla ya kwenda shule, na mara nyingi alikuja darasani mikono yake bado inanukia iliki. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Mama yake aliondoka kwenda Muscat kufanya kazi za ndani binti akiwa na miaka minne, akaolewa huko huko, akawa anapiga simu. Haya yote nilikuwa nayajua kwa sababu bibi mwenyewe alinieleza siku alipokuja kumwandikisha. Alisema, "Huyu mimi ndiye niliyemlea. Lakini usimwite yatima. Mama yake yupo hai."

Sauti ya binti yule haikuwa kubwa, ila ilitulia. Alipoghani, hata wavulana wa nyuma waliacha simu zao. Nilikuwa nimeshampangia kichwani aongoze utenzi wetu siku ya Maulidi, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimempangia na mengine: amalize kidato cha nne, asome zaidi, siku moja asimame pale ninaposimama mimi. Haya sikumwambia. Lakini nilimtazama kwa jicho hilo, na watoto huona.

Jumamosi moja akanyoosha mkono. "Leo ninalo mimi," akasema. "Kuna mtu. Mama yake amerudi kutoka nje, anataka kumchukua wakaishi huko. Na huyo mtu ana bibi yake hapa, mtu mzima, magoti yanamuuma. Huyo mtu afanye nini?"

Wote tulijua huyo mtu ni nani.

Kijana mmoja, mwana wa muuza vyombo, akawahi. "Hiyo nayo ya kuuliza? Aende zake. Watu wanahangaika kutafuta mchongo wa Uarabuni, yeye unamfuata mpaka mlangoni."

"Umeruka beti mbili," nikamwambia. "Rudi mwanzo."

Msichana aliyekaa karibu yake akasema, "Na bibi atabaki na nani? Nani atamchotea maji?"

"Bibi ana watoto wengine?" mwingine akauliza.

"Anaye mdogo wake mama, yuko Kigamboni," binti akajibu.

"Huko shule ipo? Mwenyewe anataka kusoma au hataki?"

"Anataka."

Mjadala ulipamba moto, lakini kwa adabu, na mimi nilifurahi kama mkulima aliyeona mbegu zimetoka. Tulipofika kwenye ubeti wa mshauri, nilimwambia binti aughani yeye. Akaughani. Alipofika "haja hufunika kheri" akaninyanyulia macho, akayaacha pale.

"Mwalimu," akasema, "na wewe ungemshauri nini huyo mtu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilitaka kusema: abaki. Nilikuwa na sababu zangu zote, na zilikuwa sababu nzuri, za elimu, za bibi, za ugeni wa nchi ya watu. Lakini ubeti niliutunga kwa mkono wangu, na mbele yangu walikaa vijana wote wakisubiri kuona kama naamini nilichokiandika.

"Mimi usiniulize," nikasema. "Nina haja. Nataka huyo mtu abaki hapa, aniongozee Maulidi, amalize shule nikimwona. Kwa hiyo nikikwambia abaki, hutajua nasema kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Hata mimi sijui."

Binti akatikisa kichwa polepole. "Basi nimuulize nani?"

"Umeshawauliza wanaohusika?"

Akainamisha kichwa. Muda ukawa umekwisha, tukafunga kwa dua.

Jumapili yake, kabla ya somo, nikasikia viatu vya visigino vinapanda ngazi. Akaingia mwanamke wa rika langu, baibui jeusi la gharama, manukato mazito, uso ule ule wa binti yetu, ila umekomaa.

"Assalamu alaykum. Wewe ndiye mwalimu wa mashairi?"

"Waalaykumu salaam. Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kukuuliza, nani kakupa ruhusa ya kuianika nyumba yangu mbele ya watoto wa watu? Jana nimepita dukani, mwenye duka ananiuliza, eti unamchukua au humchukui. Mtoto nimemzaa mimi."

Nilimwomba radhi kwa lile la dukani, maana kweli lilikuwa baya. Sikuomba radhi kwa somo. Akalitambua hilo, akageuka, akashuka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sheikh. Kesho yake niliitwa. Sheikh ni mtu mpole, hapandishi sauti, na upole wake ndio mgumu kuupinga.

"Mwalimu, sisi tulikupa watoto wajifunze tenzi. Hatukukupa baraza la usuluhishi."

"Sheikh, utenzi wenyewe unasema mtu aulize. Nikiwafundisha kuughani halafu nikiwakataza kuuliza, nitakuwa nimewafundisha nini?"

"Kughani."

"Basi kwa kughani peke yake mtafute mwingine, Sheikh. Nakwambia kwa heshima. Ufunguo wa chumba ninao hapa kwenye mkoba, naweza kukuachia sasa hivi. Lakini nikibaki, nitafundisha hivi hivi."

Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena. Nilidhani nimeshalipoteza darasa, na nilishangaa kuona sijutii.

"Mambo ya nyumbani kwa mtu," akasema mwishowe, "yasizungumzwe darasani bila mzazi kuwa na habari. Na yanayosemwa mle yasifike dukani."

"Hilo ni haki. Nalikubali."

"Na mama wa yule binti?"

"Nitamwendea mwenyewe."

Nilimwendea asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Bibi alikuwa ameshamaliza biashara, anasugua kikaango cha vitumbua kwa mchanga. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mwanangu," akaniashiria kwa kichwa niingie. Mama wa binti alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja nguo ndogo ndogo za watoto wachanga, mpya, bado zina lebo. Mbili mbili za kila rangi. Nikaelewa kwamba huko ana mapacha.

Nikamweleza tulivyokubaliana na Sheikh. Akasikiliza bila kuninyanyulia macho.

"Dada, nakuomba uje Jumamosi," nikasema. "Ukae, usikilize. Ukisikia neno baya, sema, tutaacha."

"Nije nifanye nini kwenye darasa la watoto?"

Bibi akajibu kutoka nje, bado anasugua. "Nenda. Mwanao anasoma vizuri. Hujawahi kumsikia."

Alikuja. Alichelewa, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri gari. Tukaghani utenzi kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimewaambia vijana kwamba siku hiyo hatutajadili jambo la mtu yeyote. Tulipomaliza, binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna ubeti umekosekana. Baada ya ule wa mshauri. Nimeutunga."

"Uko kwenye mizani?"

"Nimehesabu."

"Haya."

Akasimama, akaughani kwa mahadhi yetu:

*Mwendee na mhusika,*
*umuulize hakika,*
*hata ukisikitika,*
*uchungu wake si shari.*

Kisha akageuka nyuma. "Mama, nina swali. Nyumbani kila nikianza unaniambia tutaongea tukifika."

Nikaingia kati haraka. Nilikuwa nimempa Sheikh ahadi. "Hilo si la darasani," nikasema. "Dada, mnaweza kubaki hapa wawili, sisi tutoke."

Mama aliutazama mkoba wake. "Watoke watoto," akasema. "Wewe baki. Sitaki kesho iongezwe chumvi."

Vijana wakatoka chumbani, wakashuka mpaka chini bila kuambiwa. Tukabaki watatu. Binti hakukaa.

"Ukinichukua," akasema, "nitakuwa nani huko? Nitakuwa mwanao, au nitakuwa wa kukulelea mapacha?"

Niliona mkono wa mama umebana kishikio cha mkoba. Spika za chini zilikuwa zinanadi mashuka. Nilijiandaa kusikia hasira, au kilio, au yale maneno ambayo sisi watu wazima tunayo tayari kwa watoto: mimi nakutakia mema, utaelewa ukikua. Hakusema hayo.

"Vyote viwili," akasema.

Binti akangoja.

"Nimechoka," mama akaendelea, sauti imeshuka. "Nimelea watoto wa watu miaka yote hiyo, mpaka nikapata kwangu. Sasa wangu wamekuja wawili kwa mpigo, siwezi peke yangu. Hilo ni kweli. Na wewe nilikuacha huwezi hata kufunga vifungo vya gauni, sasa natazama umenizidi urefu, na sijui ulikuaje. Nataka kukuona. Hilo nalo ni kweli. Siwezi kukutenganishia nikakwambia moja lipo, jingine halipo."

"Na shule?"

"Sijaulizia. Sitakudanganya. Sijaulizia."

Binti akakaa chini pale pale aliposimama. Hakulia. Mama ndiye aliyelia, kimya kimya, akijifuta kwa ncha ya mtandio ili wanja usichuruzike. Mimi nilikwenda nikafungua dirisha moja, kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono yangu.

Siku zilizofuata sikumuuliza kitu. Nilijizuia kwa nguvu. Mara mbili nilimkuta dukani akinunua unga wa mchele wa bibi, tukasalimiana, tukaachana. Nilikuwa na hotuba nzima moyoni juu ya mtihani wa kidato cha nne, na kila nilipomwona niliimeza tena.

Akaja mwenyewe, mapema kabla ya wenzake, nikiwa nafagia.

"Nimemuuliza bibi," akasema. "Kaniambia, 'Nikikwambia ubaki, nitakuwa nayasemea magoti yangu. Nikikwambia uende, utadhani nimekuchoka. Mimi nakuombea dua tu.'"

"Ndiyo."

"Na nimeswali istikhara, nikamwomba Mungu anichagulie. Nimeamua ninakwenda."

Nikaendelea kufagia mpaka nikahakikisha sauti yangu imekaa sawa. "Umeamua kwa nini?"

"Angesema ananichukua kwa ajili yangu tu, ningebaki. Ningejua ananidanganya. Lakini kasema vyote viwili. Mtu akinieleza hivyo naweza kuishi naye." Akaongeza, "Na nimemwambia mbele ya bibi, shule kwanza, mapacha jioni. Amekubali. Amemwapia bibi."

Sikumwambia umefanya vizuri, kwa sababu sikuwa na uhakika huo. Nilimwambia, "Umeuliza vizuri." Hilo nililijua.

Maulidi yalipofika, binti alikuwa ameshaondoka. Utenzi uliongozwa na yule mwana wa muuza vyombo, ambaye sauti yake inakwaruza, na alipotea katikati, akasimama, akavuta pumzi, akarudi ubeti uliopita, akaendelea mpaka mwisho. Ubeti wa binti ulisomwa mahali pake. Sheikh alikuwa mstari wa mbele. Baadaye aliniuliza ule mmoja mpya nimeutunga lini. Nikamwambia si wangu. Akasema chumba kile kina joto mno, kamati itatazama habari ya feni. Feni imekuja, ya zamani, inapiga kelele, lakini inazunguka.

Huko Muscat mambo hayakwenda kama walivyoapa. Miezi ya mwanzo shule ilisogezwa mbele mara kwa mara, mapacha waliugua, binti akawa hatoki. Aliniambia hayo kwenye simu, bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kila Ijumaa baada ya chakula anamkumbusha mama yake, kwa adabu, maneno yale yale. Siku moja mama alivaa baibui, akatoka naye, wakaenda kuulizia. Sasa anasoma jioni, anasumbuliwa na hesabu kwa Kiingereza. Hajawahi kuniambia anajuta. Hajawahi pia kuniambia kwamba ana raha. Nikimuuliza habari, anasema, "Naendelea, mwalimu," na nimejifunza kuliacha neno hilo kama lilivyo.

Bibi alihamia Kigamboni kwa binti yake mdogo. Nikipata nafasi navuka kwa kivuko pale Magogoni kwenda kumsalimia. Vitumbua ameacha, ila hukaa jikoni akiwasimamia wajukuu, na kila mara anawaambia moto ni mwingi. Siku moja aliniuliza ghafla, tukiwa tunachambua mchele.

"Wewe ulimwambia aende?"

"Sikumwambia, bibi."

"Ulitaka aende?"

"Sikutaka."

"Hata mimi," akasema. Akatupa kijiwe nje, tukaendelea na mchele.

Darasa lipo. Wiki hii nimepokea vijana wapya wanne, na mmoja wao, msichana mwembamba anayesema kwa kunong'ona, ameniambia mama yake amesikia habari za chumba chetu na hataki aje tena. Nimemuuliza wanakaa wapi. Ni mtaa wa tatu kutoka sokoni. Kesho nikitoka kazini nitapita, nimsalimie mama yake, nimweleze tunachofanya, nimkaribishe aje akae nyuma asikilize. Akikataa, nitapita tena wiki ijayo.